Jaji Aliyepewa Wimbo wa Shangazi

Nilisikia wimbo wa shangazi yangu kabla sijafumbua macho. Nilikuwa bado kitandani, mtaa wa Kanyenye, Tabora mjini, ndani ya chandarua, na kwa kitambo kidogo nilidhani shangazi amekuja mjini kutoka Kwihara na yuko uani anatwanga, maana ule ulikuwa wimbo wake wa kinuni. Kisha yakaingia magitaa. Yakafuata matarumbeta. Aliyekuwa akiimba alikuwa mwanamume, sauti laini, sauti ya mtu anayetabasamu, na alipofika mahali ambapo shangazi humwita marehemu mumewe kwa Kinyamwezi, kwa jina la sifa ambalo yeye peke yake alimwita, mwanamume yule akaimba la-la-la, la-la-la.

Nilitoka nje na kanga moja. Redio ilikuwa dirishani kwa fundi cherehani, jirani yetu, naye alikuwa akikanyaga cherehani yake kwa kufuata mdundo.

"Wimbo mpya huo, mwalimu," aliniambia. "Wanasema Dar es Salaam hawalali."

Nilirudi ndani, nikavaa, nikatoka, nikarudi tena kuchukua kitu ambacho nilipofika ndani nilikuwa nimekwisha kukisahau. Mwaka ule wote nikiukumbuka nauona hivyo: mtu anatoka na kurudi, anashika kitu na kukiacha.

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi. Shangazi aliutunga mumewe alipofariki, akauimba kwanza msibani, kisha kinuni. Mume huyo alikuwa mfanyakazi wa reli, kituo cha Igalula. Ndiye aliyekuwa akipunga bendera gari la moshi lisimame au lipite. Wimbo ulisema: gari limepita Igalula, halikusimama, nani atanitua mzigo wangu? Hapo ndipo lilipokuja jina. Jina lilikuwa jibu. Bila jina, wimbo unauliza swali na kwenda zake.

Bendi ile ilikuwa ya shirika moja la umma la Dar es Salaam. Mwaka uliotangulia ilikuja Tabora kwa sherehe za Sabasaba, na wiki hiyohiyo msiba wa mume wa shangazi ukatokea. Mwimbaji wao ni Mzaramo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani na kupokewa na watu wa kule kwa matusi na chakula cha moto. Mtani akisikia msiba kwa mtani wake hangoji kualikwa. Alifika Kwihara na wenzake wawili, akajilaza pale kaburi lilipokuwa linachimbwa akisema haondoki bila soda, akamwiga marehemu anavyopunga bendera, akakibeba kinu cha shangazi hadi barabarani huku akipiga kelele: "Nimekichukua! Nimekichukua kinu cha Mnyamwezi!" Watu walicheka machozi yakiwatoka. Shangazi akakikomboa kinu chake kwa jogoo. Ndiyo desturi: mtani huchukua, mwenyewe hukomboa, na siku ya kuanua tanga kila kitu kiko mahali pake.

Kumbe hakubeba kinu tu.

Alasiri ile niliendesha baiskeli hadi Kwihara kwa njia ya zamani ya misafara, ambayo sasa ni vumbi jekundu kati ya mashamba ya karanga. Nilimkuta shangazi kibarazani anapepeta mtama, kimya. Sikuwahi kumwona akifanya kazi kimya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Mimi jana nilikuwa natwanga, naimba zangu. Wakapita watoto wa jirani. Wakaniambia, bibi, umekosea, hapo ni la-la-la." Aliupiga ungo kwa kiganja, makapi yakaruka. "Nimekosea. Mimi."

Nilianza kusema mambo mengi kwa pamoja, sheria, redio, waziri. Aliniacha niseme hadi nikachoka.

"Sitaki kutajwa mimi," alisema. "Mimi nipo, ninajitaja mwenyewe. Nataka jina la mume wangu lirudi pale lilipokuwa. Basi. Sasa nenda kabla giza halijakukuta na hiyo baiskeli isiyo na breki."

Siku hizo tulikuwa na kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Tulikutana kila Jumamosi nyuma ya duka la ushirika, kati ya magunia ya chumvi, tukasomeana tulichoandika na kubishana hadi mwenye duka atufukuze. Niliwaeleza habari za wimbo nikitegemea hasira. Rafiki yangu mmoja, mshairi, kijana mwenye maneno makali na moyo mwema, alikuna kidevu.

"Ardhi ni ya wote," alisema. "Mazao ni ya wote. Wimbo ndio uwe wa mjane mmoja?"

Neno lile lilinikaa kooni wiki nzima. Nilikuwa nimeyaamini mambo hayo, na nayaamini hata leo. Nilikuwa nimekwenda kwa hiari yangu kulima shamba la kijiji, mikono ikatoka malengelenge, na nikayatazama malengelenge yangu kama mtu anayetazama bangili. Usiku silali, mchana nafundisha huku nimesahau somo ninalofundisha. Jumamosi iliyofuata nilimjibu kabla hajakaa.

"Shamba la kijiji linajulikana ni la kijiji gani."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Ndipo tukasikia kwamba mkoa unaunda baraza la haki za watunzi, la kusikiliza malalamiko ya waimbaji, wachongaji na waandishi. Niliyapeleka mwenyewe malalamiko ya shangazi, kwa baiskeli ileile. Yakawa ya kwanza. Yakapokewa, na tukaambiwa baraza halina mwenyekiti bado, tusubiri.

Tulisubiri. Jua la kiangazi lilikuwa limeupasua mji. Upepo uliinua vumbi la Kanyenye na kulilaza palepale. Kila siku kulikuwa na jina jipya. Leo mwenyekiti atakuwa mkuu wa shule fulani, kesho atakuwa mtu wa chama, keshokutwa atatoka Dodoma. Na kila siku, saa ya salamu za wasikilizaji, redio ya fundi cherehani ilipiga la-la-la. Niliacha kupita mbele ya dirisha lake. Nilizunguka nyuma, kwenye majalala, kama mdaiwa.

Sisi kikundi tulitaka mtunzi. Tuliandaa hotuba nzima: mwenye kujua uchungu wa kutunga ndiye ahukumu mambo ya utunzi. Hatujapata pa kuisomea, habari ikaja kwamba mwenyekiti ameteuliwa, naye ni jaji mstaafu.

Kila mtu Tabora alimjua. Mzee mrefu, mwembamba, wa moja ya zile familia zenye asili ya Oman zilizofanya biashara mjini kwetu tangu enzi za misafara. Alianza kama karani wa mahakama, akawa hakimu, akawa jaji, akazunguka nchi nzima, kisha akarudi nyumbani kufuga nyuki na kunywa kahawa.

"Maisha yake yote amehukumu wezi wa ng'ombe na ugomvi wa mipaka," nilisema. "Anajua nini kuhusu wimbo?"

"Tena alivaa lile wigi," alidakia mshairi. "Tumemfukuza Mwingereza, tukabaki na nywele zake."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka vibaya. Hili halikuwa jambo la mjadala kwangu. Mzee huyo akikosea, shangazi atatwanga kimya hadi siku ya kufa kwake.

Kikundi kilitutuma, mimi na mshairi, kwenda kumpongeza. Kumpongeza, ndivyo tulivyosema. Ukweli tulikwenda kumpima. Alitukaribisha sebuleni mwenyewe, akatumiminia kahawa mwenyewe, akaweka kisahani cha asali na vipande vya mkate, akatutazama tunakula. Kisha akauliza, bila ukali wowote, kama anayeuliza habari ya sukari:

"Nani kati yenu hakutaka niteuliwe?"

Mshairi aliangalia ndani ya kikombe chake kama aliyedondosha kitu humo. Niliweka mkate chini.

"Mimi, mzee," nilisema.

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu hujawahi kutunga."

"Kweli." Alinywa. "Wala sijawahi kuiba ng'ombe."

Mshairi alipaliwa na kahawa. Mzee alimngoja amalize kukohoa, kisha akanigeukia.

"Baraza likianza, wewe utakaa mlangoni. Mlango uwe mikononi mwako, ufungue na ufunge. Nimefanya kazi hii muda mrefu, binti. Kesi haiharibikii mezani, inaharibikia mlangoni, kwa watu wanaoingia na neno dogo. Asiyeniamini ndiye mlinzi mzuri."

"Lakini mdai ni shangazi yangu."

"Najua. Ndiyo maana hutakaa mezani."

Tulipotoka, mshairi alisimama mwisho wa mtaa. Kisha akasema, "Huyu mzee ni hatari," na sikujua kama anasifu au analaumu. Mimi mwenyewe sikujua. Nilitaka kumwamini, na huko kutaka kwenyewe kukaniogopesha.

Baraza lilikaa katika darasa la shule wakati wa likizo, asubuhi, hewa nzito, mawingu ya kwanza ya masika yakijikusanya na kuahirisha mvua. Nilikaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi, magoti yakinigusa kidevu, mkono wangu juu ya komeo. Shangazi alikuja na kanga mpya na viatu vya kufunika. Mwimbaji alikuja na gitaa, kwa sababu bendi ilikuwa na dansi mjini jioni ile na hakuwa tayari kuliacha hotelini. Aliliegemeza ukutani, taratibu, kama mtu anayemketisha mgeni.

Kabla hatujaanza, bwana mmoja wa shirika lao, mwenye suti ya Kichina ya mtindo wa Chou En-lai na kalamu mbili mfukoni, aliinama sikioni mwangu.

"Ndugu, niruhusu nipite. Nina neno dogo tu na mzee."

Sikusogea. Kutoka mezani jaji alisema, hata bila kuinua kichwa, "Liletwe hapa hilo neno, tulione wote ukubwa wake." Bwana yule akakaa.

Jaji alianza kwa kutueleza wazi uteuzi wake unafika wapi. Baraza litasikiliza, litashauri. Halimfungi mtu, halimtozi mtu, na redio haiko chini yake. Miezi yote ile, na tumepewa mzee wa kushauri.

Kisha akaeleza namna yake ya kusikiliza. Kila upande utaieleza hoja ya upande wa pili, na utaendelea kuieleza hadi mwenyewe aseme "ndivyo". Hapo ndipo utaruhusiwa kusema ya kwako.

"Anza wewe," alimwambia mwimbaji. "Mama huyu anadai nini?"

Mwimbaji alisimama akitabasamu. Alikuwa mtu wa kupendeza, nami nilimchukia kwa hilo. Alisema mama huyu alifiwa, akatunga wimbo mtamu, na anaona wimbo wake umeimbwa bila ruhusa. Akauimba mstari wa kwanza, bila gitaa. Hata mawingu yalitulia. Gari limepita Igalula, halikusimama. Nani atanitua mzigo wangu? La-la-la...

"Sivyo," alisema shangazi.

"Rudia," alisema jaji.

Akarudia. Alibadilisha maneno, akaomba radhi kwa machungu, akaimba tena kwa unyenyekevu zaidi. La-la-la.

"Sivyo."

"Rudia."

Tabasamu lilianza kumtoka. Alirudia tena na alipofika pale akanyamaza, mdomo wazi, kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa.

"Ulikuja msibani," shangazi alimwambia taratibu. "Ulimwiga anavyopunga bendera, ukampatia kweli, hata mimi nilicheka. Jina lake hukuuliza."

"Nilisikia maneno ya Kinyamwezi, mama. Sikuyajua. Ningeimba nini?"

"Ndivyo," alisema shangazi. "Sasa umesema ninachodai."

Ikawa zamu yake kueleza hoja ya mwimbaji. Niliomba kimoyomoyo aieleze vibaya. Alisimama, akakaza kanga kiunoni, akaieleza vizuri kuliko mwenyewe.

"Huyu ni mtani wangu. Mtani akija msibani anachukua, na haulizwi. Kinu nilikikomboa. Wimbo sikuukomboa, tanga likaanuliwa, watu wakatawanyika. Kwa hiyo anasema umekuwa wake."

"Ndivyo!" Mwimbaji aliruka. "Ndivyo kabisa! Mzee, huyu mama ni wakili." Na kwa furaha ya kuona amepata njia, utani ukampanda. "Nyie Wanyamwezi bwana! Mmebeba mizigo ya watu tangu enzi na enzi, mabega yameota sugu, leo mmebebewa mmoja tu, mnakwenda barazani!"

Darasa zima lilicheka, hata wajumbe wa baraza waliokaa mezani na jaji. Shangazi alicheka pia. Akangoja kicheko kiishe.

"Tulibeba," alisema. "Kutoka hapa hadi pwani. Lakini mtani, uliza hata wazee wenu: kila mzigo ulikuwa na mwenyewe, na aliyeubeba alijua ni wa nani. Ukikutana naye njiani ukamuuliza, anakutajia."

Jaji aliweka kalamu chini. "Unashikilia hapo, ndugu? Kwamba ulichukua kwa utani?"

"Nashikilia."

"Ulipochukua kinu ulipiga kelele?"

"Nilipiga."

"Ukisema cha nani?"

Mwimbaji alitazama gitaa lake. Bwana wa shirika alisimama badala yake, akasema aidha ijulikane kwamba nyimbo za jadi ni mali ya umma, na shirika ni la umma, kwa hiyo hakuna kilichohama. Lilikuwa neno la mshairi wetu lilelile, ila limevaa suti. Nilimtafuta mshairi kwa macho. Alikuwa ameinama.

"Nimeliandika," jaji alimwambia.

Wajumbe walinong'onezana. Kisha jaji akasoma. Baraza linaona kwamba mtani huchukua hadharani na humtaja mwenye kitu; aliyechukua kimya ametumia desturi nusu. Baraza linashauri jina la marehemu lirudishwe katika wimbo, na wimbo urekodiwe upya. "Hapo ndipo mkono wangu unapoishia," alisema. "Siwezi kumlazimisha mtu kuimba."

Ilikuwa haki, na haikuwa na miguu. Nilimwona bwana wa shirika anafunga kalamu zake mfukoni, ametulia kabisa. Watakwenda zao Dar es Salaam. Kesho redio itapiga ilivyopiga jana. Nilishika komeo hadi vidole vikauma, nikitaka kusimama, nikitaka kupiga kelele, nikikumbuka kwamba nimewekwa pale kulinda mlango tu.

Shangazi ndiye aliyesimama. Hakwenda mlangoni. Alikwenda ukutani, akalichukua gitaa kwa shingo, kama anavyokamatwa kuku, akaliweka begani.

"Nimelichukua!" alipaza sauti, na wale waliokuwa nje dirishani wakasukumana kuona. "Nimelichukua gitaa la Mzaramo! Mchana kweupe, mbele ya jaji! Gitaa la mtani wangu, lipo begani kwangu!"

Mwimbaji alinyoosha mikono yote miwili, akairudisha. Alikuwa amesema anashikilia utani. Mtani akikasirika, utani umekufa, na hoja yake pamoja nao.

"Mzee!" Bwana wa shirika alikuwa amesimama. "Mzee, hilo gitaa ni mali ya umma!"

"Basi hakuna kilichohama," alisema jaji.

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Jaji mwenyewe hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi, kule mlangoni, kama anayeuliza iwapo bado sitaki ateuliwe.

"Mtani," mwimbaji alisema, na sauti yake haikuwa tena ya redioni, "tuna dansi leo."

"Imbeni la-la-la."

"Nitalikomboa kwa nini?"

"Nyumbani Kwihara unapajua. Siku nitakapomsikia mume wangu redioni, njoo, nitakupikia na wali."

Alikuwa amefika mlangoni. Gitaa lilikuwa begani kama mzigo wa safari ndefu, na alinukia sabuni na jasho. "Nipishe, mwanangu," alisema. Nilivuta komeo. Ndipo mwimbaji akauliza, kwa mara ya kwanza tangu msiba ule:

"Mama. Anaitwa nani?"

Shangazi hakugeuka. Alitoka barazani, kwenye upepo ulionukia mvua ya mbali, na akaimba huku anakwenda. Gari limepita Igalula, halikusimama. Nani atanitua mzigo wangu? Na jina likaja, lote, mahali pake, nami sitaliandika hapa kwa sababu ni la shangazi. Ndani, mwimbaji alikuwa ameinua kichwa, midomo yake ikilifuata, ikikosea, ikirudia.

"Mlango," alisema jaji.

Nikaufunga.